Ukiwa na Kovu, Uliza Kondo Limekaa Wapi

Hotuba kwa wazazi na wenza wao, Uyole, Mbeya. Nimeiandika karibu sana na nilivyoisema, nikiongeza machache niliyoulizwa baada ya kushuka jukwaani.

Shikamooni wazee wangu. Ndugu mwenyekiti, wachungaji na masheikh mliopo, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, akina mama, nanyi akina baba mliokubali kuacha shamba siku ya Jumamosi: mugonile, kamwene, habari za asubuhi.

Nimefanya kazi ya ukunga tangu nikiwa binti hadi nilipostaafu, sehemu kubwa kwenye wodi za wazazi za mikoa hii yetu ya Nyanda za Juu Kusini. Walionialika wameniomba nizungumzie uzazi salama. Jambo hilo ni pana. Nikiligusa lote mtaondoka na maneno mengi na hamna hata moja mtakalolishika. Kwa hiyo nitasema moja. Mwanamke aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, akipata mimba nyingine, lazima ijulikane mapema kondo la nyuma limekaa wapi: limekaa juu ya kovu, au mbali nalo. Ijulikane kabla hajafikisha miezi minane. Alijue yeye, alijue mumewe, na ilijue hospitali atakayojifungulia.

Nimechagua hili kwa sababu mambo yamebadilika. Zamani mwanamke wa Makete au Busokelo aliyeshindwa kujifungua alibebwa kwa machela hadi barabarani akisubiri gari, na wengine gari liliwakuta wameshakata roho. Leo vituo vya afya vingi vimejengewa vyumba vya upasuaji, na mama anapasuliwa karibu na kwao. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa 2022 ukakadiria 104. Upasuaji una sehemu yake katika kushuka huko, na asitoke mtu hapa akaenda kusema yule mkunga mzee amekataza kisu. Nimewaona watoto wengi mno waliookolewa na kisu, na mama zao pia.

Lakini kila aliyeokolewa kwa kisu ameondoka na kovu kwenye kizazi, na wengi wao bado ni mabinti wa miaka ishirini na kitu ambao hawajamaliza kuzaa. Makovu yameongezeka vijijini haraka kuliko maelezo juu ya makovu. Mama anaambiwa asinyanyue ndoo, asipike ugali wa watu wengi, afunge tumbo kwa khanga, kidonda cha nje kisiloe maji. Kovu la ndani haliambiwi mtu. Kidonda cha nje kikikauka, nyumba nzima inaona yamekwisha.

Sasa nieleze kinachotokea, na naomba akina baba msitazame pembeni, maana hili ni lenu pia.

Mimba inapotunga, kondo huota mizizi yake kwenye utando laini uliotandikwa ndani ya kizazi. Utando huo ndio mpaka. Mizizi huushika, huvuta chakula na hewa kutoka kwenye damu ya mama, lakini haizami kwenye nyama yenyewe ya kizazi. Mtoto akizaliwa, kizazi hujikaza, kondo likabanduka pale kwenye utando, na nyuzi za nyama zikabana mishipa iliyokuwa wazi. Damu inapungua, mama anapewa uji.

Kovu la upasuaji mara nyingi liko mbele, sehemu ya chini ya kizazi, nyuma tu ya kibofu cha mkojo. Pale utando haurudi ulivyokuwa. Unakuwa mwembamba, pengine haupo kabisa. Mnayajua mashamba yetu ya viazi kwenye mteremko, mvua ikishasomba udongo wa juu: chochote utakachopanda pale hushusha mizizi kwenye mawe ya chini, kwa sababu udongo wa kushika haupo. Kondo likiangukia kwenye kovu hufanya hivyo hivyo. Mengine hushika nyama juu juu, mengine huzama ndani ya nyama, na mengine hupenya kizazi chote na kufika kwenye kibofu. Hilo ndilo kondo lililong'ang'ania. Mtoto anazaliwa vizuri, analia, kisha kondo halitoki. Mtu akilivuta, linachanika na kuacha mishipa wazi ambayo kizazi hakiwezi kuibana.

Ipo na shida ndugu yake: kondo kutangulia. Hapo kondo limekaa chini likafunika mlango wa kizazi, njia ambayo mtoto angepita. Kwa wanawake wote, mimba kama 1 kati ya 200 zinazofika mwisho huwa hivyo. Aliyepasuliwa anaipata kirahisi zaidi ya ambaye hajapasuliwa. Na hizi mbili zikikutana kwa mtu mmoja, yaani kondo limefunika mlango na mlango wenyewe uko chini ya kovu, hapo ndipo sisi wa wodini tunaingiwa na hofu.

Nitawapa hesabu, na mnisikilize hadi mwisho wake. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake zaidi ya 30,000 waliojifungua kwa upasuaji. Walichukuliwa wale tu ambao kondo lilikuwa limetangulia. Kati ya kila 100 waliokuwa wanapasuliwa kwa mara ya kwanza, 3 walikutwa na kondo lililong'ang'ania. Waliokuwa na kovu moja tayari, 11. Waliokuwa na makovu mawili, 40. Makovu matatu, 61. Makovu manne na kuendelea, 67.

Nimesikia minong'ono hapo nyuma. Haki yenu. Ila rudini kwenye maneno niliyoanza nayo: hao ni wale ambao kondo lao limefunika mlango. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa kondo likikaa juu, mbali na mlango, hata mwenye makovu mawili au matatu hatari yake haifiki 1 kati ya 100. Ndiyo maana sisemi kila mwenye kovu aogope. Nasema kila mwenye kovu aulize. Jibu la wengi litakuwa jema, watalala usingizi. Jibu la wachache litawapa muda wa kujipanga, na muda ndio unaowaokoa.

Kwa sababu damu yenyewe haisubiri. Mwisho wa ujauzito, kizazi hupokea zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Mama mjamzito ana lita tano hivi, sita akijaliwa. Chupa moja ya damu ya kuongezewa ina takribani mililita 450. Pigeni hesabu wenyewe: dakika kumi za kondo lililochanika, na ile chupa moja iliyoko kwenye friji ya kituo. Muuguzi awe na moyo wa chuma, daktari awe na mikono ya dhahabu, hesabu hiyo haibadiliki.

Mtu ataniuliza dalili. Kondo lililotangulia mara nyingi hutoa damu nyekundu mbichi, bila maumivu, mara nyingi kwenye miezi mitatu ya mwisho. Mama anaamka anakuta shuka limelowa, hasikii uchungu wowote, na kwa kuwa haumii anaona ni jambo dogo. Inakata yenyewe, anafua shuka, anakwenda kuchuma chai. Dada zangu, damu kwenye ujauzito mkubwa, hata kidogo, hata iliyokata, ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukifika, kabla mtu yeyote hajakupima kwa vidole ukeni, sema: nina kovu, na sijui kondo liko wapi. Kidole kikigusa kondo lililofunika mlango kinaweza kufungulia damu ambayo haitazuilika pale. Mhudumu mwenye mafunzo anajua hivyo, lakini saa tisa usiku, wodi imejaa, kukumbushwa hakumpunguzii mtu cheo.

Lililong'ang'ania peke yake mara nyingi halina dalili. Mama anajisikia vizuri, mtoto anacheza, shinikizo la damu liko sawa. Hakuna tumbo kuuma wala mguu kuvimba kutakakomwambia. Kinachoweza kumwambia mapema ni kipimo cha picha, utrasaundi.

Hapa nataka nikae kidogo.

Nimekaa sana kwenye mabenchi ya nje ya vyumba vya utrasaundi. Mama anatoka na karatasi mkononi, tumbo bado lina ule ute wa baridi, analifuta kwa kitenge huku simu iko sikioni. Neno la kwanza ni "wa kiume" au "wa kike". Upande wa pili wanashangilia. Karatasi inakunjwa mara nne, inaingizwa kwenye pochi. Na kwenye karatasi ile ile, mstari wa tatu au wa nne, imeandikwa kondo liko upande gani na umbali gani kutoka mlangoni. Hakuna aliyeusoma. Simlaumu mama kufurahia mtoto wake. Ila elfu zile zimelipwa, jibu limeandikwa, na jibu lililookoa maisha ya wengine limelala kwenye pochi pamoja na vocha.

Mkiwa na kovu, kabla hamjashuka kitandani muulizeni anayepima maswali haya kwa Kiswahili, na mkae hapo hadi ajibu kwa Kiswahili. Kondo liko mbele au nyuma? Liko juu au chini? Limefunika mlango? Limegusa kovu langu? Kondo likiwa upande wa nyuma na juu, shukuruni Mungu. Kondo la mbele na chini kwa mwenye kovu, hilo linahitaji jicho la daktari bingwa na mashine inayoonyesha damu inavyotembea kwa rangi. Anayejua anachotafuta huona mambo: ule mstari mweusi kati ya kondo na nyama umepotea, vidimbwi vya damu ndani ya kondo, mishipa iliyojazana kuelekea kibofu. Kipimo chenyewe hakioni kila kitu, na ndiyo maana idadi ya makovu yako lazima aijue kabla hajaanza kupima.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, limeshauri kila mjamzito apate utrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Mwenye kovu asiishie hapo. Kondo likionekana chini kwenye wiki ya 20, mara nyingi huja kuonekana limepanda, kwa sababu sehemu ya chini ya kizazi hutanuka na kulibeba juu. Lakini mwenye kovu asipewe matumaini ya kupanda akaachwa. Arudie wiki ya 32. Likiwa bado chini, tayari safari imeanza.

Jambo la pili ni karatasi ya ruhusa. Ukitoka wodini baada ya upasuaji unapewa karatasi. Nimekutana na wanawake wengi wasiojua kwa nini walipasuliwa. Unamuuliza, anasema "waliona nimechoka". Haitoshi, mama. Iandikwe tarehe, sababu, kizazi kilichanwa upande gani, kama kondo lilitoka lenyewe au lilihangaisha, kama uliongezewa damu. Msiondoke bila hiyo. Iwekwe kwenye mfuko mmoja na kadi ya kliniki, isiwe nyumba moja na panya. Pigeni picha kwa simu, mtumieni mume, mtumieni dada. Wahudumu wenzangu mliokaa pale mbele, naomba msikasirike: kadi inayoandikwa "kovu" bila idadi wala mwaka haimsaidii mkunga atakayempokea huyu mama akiwa hajitambui.

Niliwahi kumpokea mmoja wa namna hiyo, amefikishwa usiku kwa bodaboda kutoka kituo nisichokitaja. Makovu matatu. Kadi haikuonyesha hata moja. Mtoto tulimpata. Mama yake hatukumpata. Sitaendelea zaidi ya hapo, kwa heshima ya familia yake.

Nataka niwasimulie mwingine kwa kirefu, kwa sababu habari ya waliopona tunaisikia mara chache. Dada mmoja kutoka milima ya upande wa Makete, makovu mawili, mimba ya tatu. Muuguzi wa zahanati yao alimwona kliniki, akahesabu makovu, akamwandikia rufaa ya utrasaundi bila kungoja dalili. Kondo likaonekana mbele, chini, limefunika mlango. Walimweleza yeye na mumewe pamoja, wakakaa chumba kimoja, mume akauliza maswali yake. Mvua zilikuwa zimeanza, na mnazijua barabara zile mvua zikianza. Mume hakusubiri. Wiki ya 31 alimhamishia kwa shangazi yake Ilomba, hapa Mbeya mjini, akampelekea gunia la viazi ili asiwe mzigo. Ikitoka damu, hospitali iko karibu. Shemeji zake walikwenda kuchangia damu. Akapewa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Wiki ya 35 akapasuliwa mchana, siku iliyopangwa, madaktari bingwa wapo, mtaalamu wa usingizi yupo, damu iko ndani ya chumba. Walimtoa mtoto kwa kuchana sehemu ya juu ya kizazi, mbali na kondo, na kondo hawakuligusa. Walifunga, wakatoa kizazi na kondo ndani yake.

Mtoto alikuwa mdogo, akalelewa kifuani kwa mama yake wiki kadhaa. Mama alitoka kwa miguu yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, mama wakwe na mawifi hasa. Alipofika nyumbani, yalianza. Kwamba ametolewa kizazi, kwamba sasa ni mwanamme, kwamba kijana wetu atafute mwingine wa kumzalia. Mwanamke aliyepita kwenye mdomo wa kaburi akarudi na mtoto hai mkononi, anapokewa kwa maneno hayo. Nimeyasikia kwa Wanyakyusa, nimeyasikia kwa Wakinga, Wabena na Wahehe, na mijini kwa wasomi nimeyasikia kwa lugha laini zaidi. Yanaumiza zaidi ya kisu, na yana madhara mengine makubwa: yanawafanya wanawake wengine wakatae kusaini. Nimeshika mkono wa mama aliyekuwa anakataa fomu kwa sababu ya kumwogopa mama mkwe aliyekuwa nje kwenye benchi, huku damu inatoka.

Mwanamke aliyetolewa kizazi ni mwanamke. Kilichotolewa ni mfuko wa kubebea mimba. Mara nyingi mayai yake yanabaki, kwa hiyo hazeeki ghafla. Tendo la ndoa linaendelea akishapona. Hedhi haitakuja, mimba haitakuja, na yeye yupo, analea. Daktari anayetoa kizazi kwenye kondo lililong'ang'ania hajakata tamaa wala hajafanya majaribio. Amechagua njia ambayo duniani kote imeokoa wengi zaidi. Ziko hali chache ambapo kizazi kinaweza kubakizwa, na daktari atawaambia. Naomba mazungumzo haya yafanyike nyumbani mapema, mume na mke na mama mkwe wakiwa wamekaa na wameshiba, kabla siku yenyewe haijafika. Mume atamke mbele ya mama yake: ikifikia hapo, nataka mke wangu arudi. Neno hilo moja la mume nimeona linavyomtuliza mwanamke mezani pa upasuaji.

Akina baba, nawageukia kwa damu. Mbeya tuna kituo cha kanda cha Damu Salama kinachohudumia mikoa hii. Chupa iliyochangwa haikai milele; damu nzima huhifadhiwa kama siku 35, ikipita inamwagwa. Kwa hiyo haiwezekani kuchangia mwaka huu tukajisifia hadi mwakani. Wachangiaji wetu wakubwa ni wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa friji huwa nyeupe. Watoto wetu wa shule ndio wanaowabeba mama zao, sisi wazima tukiwa tumekaa vijiweni Mwanjelwa na Kabwe. Mwanamme mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila miezi minne. Mke wako akiwa na kondo lililotangulia, tafuta watu wanne au watano kwenye ukoo au kwaya au kijiwe chako cha bodaboda, wapimwe makundi, namba zao ziandikwe nyuma ya kadi. Na mama mwenyewe ameze zile tembe za kuongeza damu anazopewa kliniki. Najua zinachefua. Azimeze usiku na chakula. Anayeingia kwenye upasuaji huu akiwa na damu ya kutosha ana nafasi nyingine kabisa na yule anayeingia akiwa mweupe kama karatasi.

Usafiri: piga 115, ni bure, ni mfumo wa M-mama wa dharura za wajawazito na watoto wachanga. Gari la wagonjwa likiwa mbali, mfumo huo una madereva wa jamii waliosajiliwa. Karirini namba, msiiandike tu.

Mambo machache niyapitie haraka. Aliyepasuliwa apumzike angalau miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine. Njia za uzazi wa mpango zipo hadi zahanati. Mwenye makovu matatu anayetafuta mtoto wa kiume kwa sababu ukoo unamdai, akae na mumewe wamwone daktari kwanza. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu kwa mwenye kovu zinaweza kupasua kizazi. Hizo sina maneno ya kuzipamba, acheni. Kusafishwa kizazi mara kwa mara nako hukwangua utando ule niliousema, kwa hiyo mweleze daktari hata kama hujawahi kupasuliwa. Na mwenye kovu moja ambaye kondo liko salama, asikimbilie kisu cha pili bila kuuliza. Wanaojaribu njia ya kawaida hospitalini, chini ya uangalizi, kati ya 10 hufanikiwa 6 hadi 8. Kovu huachia kwa takribani mmoja kati ya 200, ndiyo maana lazima iwe mahali penye chumba cha upasuaji, kamwe si nyumbani. Kila kovu linaloepukwa kwa usalama linapunguza ile hesabu ya 11, 40, 61.

Baba mmoja mwenye koti la bluu aliniuliza kama inawezekana kuzuia kondo lisikae kwenye kovu. Haiwezekani. Hakuna chakula, hakuna dawa, hakuna namna ya kulala inayolihamisha. Si mke wako aliyeliweka kondo mahali pabaya, na usikubali mtu amwambie hivyo. Aliuliza tena, afanye nini basi. Nikamwambia: kliniki ijayo nenda naye, mwulize yeye amewahi kupasuliwa mara ngapi na wapi, halafu muulize nesi kondo limekaa wapi. Akasema wiki ijayo wana miadi Igawilo. Nimefurahi.

Binti mwingine aliuliza kama kovu moja, lililokaa miaka saba, bado linahesabika. Linahesabika. Utando hauoti upya kwa sababu miaka imepita.

Tumepanga meza mbili pale karibu na dirisha, kuna wauguzi wawili wa kliniki waliokubali kukaa nasi hadi saa nane. Mwenye mimba na kovu alete kadi yake na karatasi ya utrasaundi kama anayo, atasomewa. Asiyekuwa na karatasi ataandikiwa swali la kupeleka kliniki. Wenye makovu mawili na kuendelea watangulie, na yule mama wa kitenge cha njano aliyesema alitokwa na damu juzi asipange foleni, aje kwangu sasa hivi.